Pikipiki juu ya tofali moja ni hatari kwa vidole vyako

Ikiwa unaishi Tuwan mjini Kitale, au hata kule Matisi na Kipsongo, bila shaka umewahi kuiona picha hii siku ya Jumapili asubuhi. Ua wa ploti umejaa nguo zilizoanikwa, mama mmoja anapuliza jiko la makaa kando ya mlango, watoto wanafukuzana, na katikati ya hayo yote kuna pikipiki iliyopandishwa juu ya tofali moja. Gurudumu limeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Mwenye pikipiki amelala ubavu, kichwa chake kiko chini ya injini, anachungulia. Huenda anaziba pancha, anabadilisha breki au anasafisha cheni. Kesho alfajiri anatakiwa awe stejini.

Msomaji mpendwa, leo hatutazungumza kuhusu ajali za barabarani. Hizo zimesemwa na kuandikwa mara nyingi, na kofia ya chuma bado inaning'inia kwenye usukani badala ya kuvaliwa kichwani. Ningependa tuzungumzie ajali zinazotokea pikipiki ikiwa imezimwa, haiendi popote, na mwenyewe yuko nyumbani kwake akidhani kwamba hapo ndipo mahali salama kuliko pote duniani.

Jirani yangu mmoja ni mwendeshaji wa bodaboda. Sitamtaja jina. Jioni moja ya mwezi wa Agosti, baada ya mvua kunyesha, aliamua kung'oa gurudumu la mbele ili abadilishe beringi zilizokuwa zikilia. Fundi alikuwa ameenda matangani na jirani yangu hakutaka kungoja. Aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akasukuma chini ya injini tofali la simiti, lile lenye mashimo, kisha akamwambia mwanawe wa miaka tisa aketi nyuma kwenye keria ili awe uzani wa kuizuia isiiname mbele. Huo ni ujanja unaotumiwa na wengi, na ndiyo maana ninausimulia.

Gurudumu lilitoka vizuri. Taabu ilikuja mama mtu alipoita kutoka jikoni, "Njoo uchukue chai yako!" Mtoto ni mtoto. Aliruka chini bila kufikiria. Pikipiki ikainama mbele, tofali likapasuka vipande viwili, na ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu ikashuka juu ya mkono wa kushoto wa baba yake uliokuwa umeegemea ukingo wa saruji.

"Baba watoto, umeumia?" mkewe aliuliza.

"Ni kidole tu," akajibu.

Akakiosha kwa petroli, kwa kuwa aliwahi kuambiwa petroli huua viini, akakifunga kwa kitambaa cha kupangusia na kwenda kulala. Siku ya tatu kidole cha kati kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi, naye akaenda hospitali. Alikatwa pingili moja. Huenda ukasema pingili moja si kitu. Lakini yeyote anayeendesha pikipiki anajua kwamba mkono wa kushoto ndio unaovuta klachi, na klachi huvutwa mara mamia kwa siku. Kwa wiki nyingi hakuweza kufanya kazi. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo unaolipwa kila siku, na wenye mkopo hawakuwa na habari ya kidole.

Mazoea ya baiskeli

Kwa nini watu wanaojua pikipiki zao kama viganja vya mikono yao huziegemeza ovyo namna hii? Mimi nadhani sehemu ya jibu inapatikana katika historia ya kazi yenyewe. Bodaboda haikuanza na pikipiki. Ilianza na baiskeli kule mpakani Busia katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipokuwa wakiwabeba wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Kazi hiyo ikaenea hadi Bungoma, Kitale, Kisumu na kwingineko. Baiskeli ikipata pancha hupinduliwa, ikasimama kwa tandiko na usukani, magurudumu yakaelekea mbinguni, na kazi ikafanywa bila wasiwasi wowote.

Kisha mnamo 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250, na pikipiki zikaingia nchini kwa wingi. Waliokuwa wakinyonga baiskeli walihamia kwenye pikipiki. Mazoea ya baiskeli yalihamia nao. Hata leo utamwona mtu akiilaza pikipiki ubavu kando ya barabara ya Kiminini ili atoe gurudumu, jinsi ambavyo angeilaza baiskeli.

Tofauti ni uzito. Baiskeli unaibeba begani. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, iwe ni Bajaj Boxer, TVS au nyingine ya aina hiyo, ina kilo 100 na ushei. Sisi watu wa Trans Nzoia tunaujua uzito huo bila kuelezwa, kwa maana gunia la mahindi lina kilo 90. Hebu jiulize kama ungekubali kulala chini ya gunia la mahindi lililosimamishwa juu ya tofali moja, huku mtu fulani akilivuta kwa spana.

Isitoshe, gunia limekaa pamoja. Uzito wa pikipiki umegawanyika baina ya magurudumu mawili, na injini iko katikati. Ukiondoa gurudumu moja, mizani hubadilika palepale. Ukitoa la nyuma, sehemu ya nyuma huwa nyepesi na pikipiki huelemea mbele, ambako gurudumu bado lipo na linaishika. Hivyo stendi ya kati mara nyingi hutosha ikiwa umekaa mahali pazuri. Ukitoa la mbele, mbele hakuna tena cha kuishika, na ikiinama kidogo tu huanguka kwa pua. Kwa sababu hii gurudumu la mbele ndilo linalodanganya wengi. Huonekana rahisi kwa kuwa halina cheni, kumbe ndilo linalohitaji uangalifu zaidi.

Mahali pa kufanyia kazi

Anza na ardhi. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa hulainika, na stendi yenye miguu myembamba huzama polepole huku wewe ukiwa na shughuli. Usitegemee kwamba pale palipokuwa pagumu asubuhi patakuwa pagumu saa kumi baada ya mvua. Weka ubao mpana na mnene chini ya stendi. Baraza ya saruji ni nzuri, lakini kumbuka kwamba baraza nyingi zimejengwa zikiwa na mteremko ili maji yatoke. Weka chupa ya soda ikiwa imelala uone itaviringika upande gani. Ikiviringika kwa kasi, tafuta pengine.

Fanya kazi mbali na jiko. Nitarudi kwenye jambo hili.

Jambo la pili, ambalo ningeomba usilisahau hata ukisahau mengine yote: legeza nati zote ngumu kabla ya kuinua pikipiki. Nati ya ekseli, yaani ule mhimili unaopita katikati ya gurudumu, hukazwa sana na aghalabu huwa imeshika kutu. Ili kuilegeza utatia bomba refu kwenye spana na kuvuta kwa nguvu zako zote. Ukivuta hivyo pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake mawili, hakuna neno. Ukivuta hivyo ikiwa juu ya stendi na tofali, unaiangusha kwa mikono yako mwenyewe. Nati ilegee kidogo tu ikiwa chini, kisha ndipo uinue.

Kuinua kwenyewe kuna maarifa yake, na wengi huumia mgongo hapa. Usisimame nyuma ukaivuta kama unayekokota ng'ombe. Sogeza gurudumu la nyuma lipande juu ya kibao chenye unene wa sentimita mbili au tatu. Simama upande wa kushoto, mkono wa kushoto ushike usukani na wa kulia ushike keria au chuma cha fremu. Kanyaga ulimi wa stendi hadi miguu yake yote miwili iguse chini kwa pamoja, kisha usimame juu ya ulimi huo kwa uzito wa mwili wako. Pikipiki itapanda yenyewe. Mguu ndio unaofanya kazi. Mikono inaongoza tu na mgongo unabaki wima. Vaa viatu vilivyofunikwa. Patipati zikiteleza, ulimi wa stendi hukupiga muundi wa mguu nawe utajua maana ya nyota za mchana.

Stendi ya kati ina kasoro moja ambayo wengi hawaitilii maanani: pikipiki ikisukumwa mbele, hujikunja. Kwa hivyo chukua kipande cha tyubu kuukuu au kamba imara, ufunge mguu wa stendi kwenye bomba la mbele la fremu, ili isiweze kurudi nyuma hata pikipiki ikisukumwa. Kabla ya kushughulikia gurudumu la nyuma, funga pia mkono wa breki ya mbele kwa mpira wa tyubu ili gurudumu la mbele lisibingirike. Ukiwa unashughulikia la mbele, weka mawe au vibao mbele na nyuma ya lile la nyuma ikiwa linagusa chini. Kutia gia pekee hakutoshi. Iwapo utaitoa cheni, gia haishiki tena kitu chochote.

Stendi ya pembeni isitumike kamwe kwa kazi ya kung'oa gurudumu. Imetengenezwa kwa kuegeshea tu, na inahitaji magurudumu yote mawili yawe chini ili isimame.

Gogo badala ya tofali

Sasa tufike kwenye tofali lenyewe. Tofali la simiti lenye mashimo lina nguvu kubwa likibeba uzito uliotandazwa juu yake lote, kama linavyobeba ukuta. Lakini chuma chembamba cha pikipiki hukandamiza sehemu moja ndogo, na hapo tofali hupasuka ghafla, bila kutoa onyo. Tofali la udongo la kuchomwa ni hivyo hivyo. Jiwe la mviringo huviringika. Kreti ya soda ya plastiki hujipinda, ikanyamaza kwa muda, kisha ikateleza.

Kinachofaa ni mbao. Gogo la mkaratusi lililokatwa kwa msumeno likawa na sura bapa juu na chini, pana kuliko urefu wake, litabeba pikipiki bila kulalamika. Mbao likianza kushindwa hulia na kubonyea kwanza, nawe unapata nafasi ya kutoa mkono. Panga vibao vya mraba kwa kupishanisha, viwili hivi na viwili vile, hadi vifike chini ya injini au bomba la fremu. Usiegemeze kwenye bomba la moshi kwani halikuumbwa kubeba mzigo, wala kwenye nati ya kumwagia oili. Ukiwa na jeki ya gari, itumie kuinua tu. Ikishafika juu, weka mbao chini yake ndipo uanze kazi. Jeki haiaminiki kushikilia peke yake kitu chenye umbo la pikipiki.

Kwa gurudumu la mbele, mbali na gogo chini ya injini, weka mzigo nyuma kwenye keria: gunia la mchanga lililofungwa kwa mpira, au dumu mbili za maji za lita 20, kila moja upande wake. Hizo ni kilo 40. Tena dumu la maji haliitwi kwenda kunywa chai. Mtu hafai kuwa uzani, awe mtoto au mtu mzima.

Wapo wanaoning'iniza pikipiki kwa kamba kwenye boriti ya nyumba. Nyumba zetu nyingi za kupangisha zimeezekwa kwa mbao nyembamba zilizokusudiwa kubeba mabati, na fundi aliyeziweka hakuwa na pikipiki akilini. Mti mkubwa wa ua ni afadhali, lakini hata hapo kamba iwe ya kuizuia isipinduke kando, huku gogo likibeba uzito.

Na wale wa kuilaza ubavu? Mafuta huvuja kwenye kifuniko cha tangi na kwenye kabureta, na betri ya maji humwaga asidi kupitia tundu lake la kupumulia. Ukilazimika kufanya hivyo kwa kuwa uko njiani, funga koki ya petroli, toa betri, na ulaze pikipiki mahali ambapo hapana moto wala sigara.

Ukimaliza kuiegemeza, kabla ya kutoa gurudumu, itikise. Shika keria uisukume kwa mkono mmoja kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ikitetereka, panga upya. Ni heri ianguke sasa ukiwa umesimama.

Cheni haina huruma

Pengine jeraha baya kuliko yote yanayopatikana nyumbani halitokani na kuanguka kwa pikipiki. Linatokana na cheni. Mtu anaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, anaiwasha, anatia gia ya kwanza, gurudumu la nyuma linazunguka hewani, naye anashika kitambaa chenye mafuta juu ya cheni ili isafike haraka. Uzi mmoja wa kitambaa unanaswa, kitambaa kinavutwa na vidole vinafuata hadi penye meno ya sproketi. Yote hutokea upesi kuliko mtu anavyoweza kusema "zima". Kidole kilichopita hapo mara nyingi hukatika au husagika, na mara nyingi madaktari hawawezi kukirudisha.

Zima injini. Toa ufunguo, uutie mfukoni mwako. Zungusha gurudumu kwa mkono, na usafishe cheni kwenye sehemu ya chini iliyo katikati ya sproketi mbili, si karibu na meno. Waondoe watoto kabisa. Kwa mtoto wa miaka miwili gurudumu linalozunguka ni kitu cha kufurahisha, naye atatia kidole. Hata likizungushwa kwa mkono tu, uzito wake unatosha kukata ncha ya kidole kidogo.

Vua pete. Hata ya ndoa; mkeo ataelewa. Pete ikinaswa kwenye nati huweza kuichuna ngozi yote ya kidole, na kidole kikivimba ikiwa ndani, pete huzuia damu kupita.

Vumbi la breki nalo lina madhara yake. Ukifungua breki za ndani utakuta unga mweusi, na desturi ni kuupuliza kwa mdomo. Usiupulize. Breki nyingine zimetengenezwa kwa asbesto, nyuzi ambazo zikiingia mapafuni hukaa humo na baada ya miaka mingi zinaweza kuleta saratani. Huwezi kujua kwa macho ni zipi. Pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kisha kitupe.

Petroli na jiko la jirani

Nilisema nitarudi kwenye jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi bali hutambaa chini kama maji, ukavuka ua na kufika kwenye jiko la mama aliye hatua kadhaa kutoka hapo. Moto hurudi ulikotoka, yaani kwenye pikipiki na kwako wewe uliyelala kando yake ukiwa na nguo zilizomwagikiwa mafuta. Katika ploti yenye familia nane na mlango mmoja wa kutokea, sihitaji kueleza zaidi. Subiri jirani amalize kupika, au umwambie mapema.

Usiivute petroli kwa mdomo kupitia mpira. Mtu akiimeza, asitapishwe wala asipewe maziwa ili atapike. Petroli huchoma mapafu zaidi inaporudi juu kuliko ilipokuwa tumboni. Mpeleke hospitali akiwa ameketi wima.

Bomba la moshi hubaki na moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Ukiungua, mimina maji safi ya kawaida kwa dakika 20 mfululizo, si dakika mbili. Dawa ya meno, unga, mafuta ya kupikia na ute wa yai vyote huhifadhi joto ndani ya kidonda na kukaribisha viini. Asidi ya betri ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi kwa muda uo huo, jicho likiwa wazi, ndipo uende kwa daktari.

Ikiwa mtu amebanwa

Tuseme imetokea. Usimvute mtu aliye chini ya pikipiki. Ita msaada, watu wawili au watatu wainue kwa miguu yao na si kwa migongo, na mwingine asukume gogo chini ili isirudi. Ndipo mtoe.

Jeraha linalotoka damu libanwe kwa kitambaa safi, kwa mkono, kwa dakika kumi bila kuchungulia. Lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Petroli, mafuta taa, grisi na majivu havina kazi hapo. Petroli haisafishi kidonda. Huichoma nyama iliyobaki hai, na hilo ndilo lililomwongezea jirani yangu taabu.

Kidole kikikatika, kitafute. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu au ndani ya maji baridi sana. Kisiguse barafu moja kwa moja. Mpelekee daktari pamoja na mgonjwa; yeye ndiye atakayeamua kama kinaweza kuunganishwa.

Kuna hali moja inayowapumbaza watu kwa kuwa hakuna damu. Mguu au mkono uliobanwa huweza kuvimba kwa ndani, misuli ikajikaba yenyewe katika utando wake. Dalili ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha linaloonekana, yanayozidi ukinyosha vidole, sehemu hiyo ikawa ngumu kama ubao, kisha ganzi. Usingoje asubuhi. Baada ya saa sita hivi misuli huanza kufa, na mgonjwa anaweza kupoteza kiungo ambacho hakikuwa hata na mchubuko. Wakazi wa Tuwan wana hospitali ya kaunti hapa mjini, wa Bungoma wana yao, na kesi ngumu hupelekwa Eldoret, ambako kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Jambo la busara ni kuwa umejiandikisha mapema na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwani mlango wa hospitali usiku si mahali pa kuanza kutafuta kitambulisho.

Swali la pepopunda

Nimewauliza vijana kadhaa wa stejini lini walidungwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Wengi walicheka. Mmoja aliniambia hiyo ni sindano ya akina mama.

Hakukosea kabisa. Watoto wa Kenya hupata chanjo hiyo, pamoja na nyingine, wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Wasichana wakikua na kupata mimba huipata tena kliniki. Mwanamume akishatoka utotoni hakuna kliniki inayomwita, na kinga ya utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita. Matokeo yake ni kwamba fundi wa miaka 30, ambaye mikono yake imekatika hapa na pale kila wiki, huenda hana kinga yoyote.

Viini vya pepopunda huishi katika udongo na samadi. Katika mji ambao ng'ombe na mbuzi hupita hadi kwenye mitaro ya mtaa, ua wowote unavyo. Si kutu inayoleta ugonjwa, kama wengi wanavyodhani, bali udongo ulioshikamana na chuma hicho. Kidonda kirefu chembamba, kilichochomwa na waya au ncha ya bisibisi, ni kibaya kuliko mchubuko mpana, kwa sababu viini hivi hupenda mahali pasipofikiwa na hewa. Ugonjwa hujitokeza kati ya siku 3 na 21, pengine kidonda kikiwa tayari kimepona. Huanza kwa taya kukaza, mtu akashindwa kufungua kinywa, kisha shingo na mgongo vikapindika. Hata akifika hospitali kubwa mapema, anaweza kufa.

Nenda kituo cha afya, ukiwa mzima, uulize kuhusu chanjo hii. Mtu aliyekamilisha dozi zake huhitaji kuongezewa kila baada ya miaka kumi, na akipata kidonda kichafu baada ya miaka mitano tangu ile ya mwisho, adungwe nyingine mara moja. Wazazi wa Bungoma ambao vijana wao huenda jandoni mwezi wa Agosti katika miaka shufwa nao wangefanya vyema kuuliza swali hilo hilo mapema mwaka huo.

Kabla ya kuondoka

Gurudumu likirudi, kazi haijaisha. Kwenye breki za ndani za mbele kuna bamba lenye mfereji ambao lazima uingie katika kijino kilicho kwenye mguu wa chuma wa pikipiki. Upande wa nyuma kuna mkono wa chuma unaofungwa kwa nati na pini. Ukisahau mojawapo, pikipiki itaondoka vizuri tu. Siku utakayofunga breki kwa nguvu, bamba litazunguka pamoja na gurudumu, gurudumu litajifunga ghafla, nawe na abiria wako mtarushwa mbele. Kaza nati ya ekseli pikipiki ikiwa imeshuka chini, rudisha pini na kuikunja miguu, zungusha gurudumu uhakikishe halikwami, na ujaribu breki zote mbili ukiisukuma kwa mikono kabla ya kuiwasha. Ikiwa yako ni ya breki za diski, usibonyeze mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Vidude vya kubana vitasogea, na gurudumu halitaingia tena kwa urahisi.

Kama huna spana zinazofaa, kama jua linatua, au kama umechoka baada ya kubeba abiria tangu alfajiri, mpelekee fundi. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na siku moja ya kukaa wodini.

Jirani yangu amerudi kazini. Amejifunza kuvuta klachi kwa vidole vitatu, na husema siku za baridi kile kilichokatwa humwasha mahali ambapo hakipo. Pale nje ya mlango wake kuna gogo la mkaratusi alilokatiwa na fundi seremala, bapa juu na chini, lenye alama za mafuta. Watoto wa ploti hupenda kulikalia jioni wakila mahindi ya kuchoma, naye huwaondoa tu anapotaka kulitumia.